Homa ya Mama, Ubongo wa Mtoto

Anayetoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Uru au Old Moshi huanza safari katika joto la tambarare na, baada ya muda mfupi, hujikuta ndani ya migomba na kahawa akitafuta shuka la kujitanda. Mji wenyewe uko chini kidogo ya mita 1000 kutoka usawa wa bahari. Kusini yake, Mabogini na Chekereni, ni nchi ya mpunga na mbu. Kaskazini, vijiji vya mlimani vina baridi ambayo ndani yake vimelea vya malaria havikomai kwa urahisi katika mwili wa mbu. Hata hivyo, kwa miaka mingi, mtu aliyepatwa na homa popote kati ya ncha hizo mbili aliambiwa jambo lilelile: ana malaria.

Mnamo Septemba 2007 watafiti walianza kuwachunguza kwa kina wagonjwa waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi, na kazi hiyo iliendelea hadi Agosti 2008. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalihusu wagonjwa 870, watoto na watu wazima. Kati yao, 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo vya maabara vilipokamilika, waliokuwa na homa iliyosababishwa na malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria katika damu. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokanayo na wanyama, zaidi kidogo ya robo walikutwa nayo: homa ya mgunda inayoenezwa na mkojo wa panya na mifugo, homa ya Q, homa ziletwazo na kupe, na ule ugonjwa wa kutupa mimba ambao mfugaji huujua kwa ng'ombe wake kabla ya kuujua katika mwili wake mwenyewe. Wagonjwa 55 walikuwa na chikungunya.

Takwimu hizo zimesomwa sana na wanaoshughulikia matumizi ya dawa, kwa kuwa zinaonyesha jinsi dawa za malaria zilivyokuwa zikienda kwa watu wasio na malaria. Zina maana nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha katika kliniki za wajawazito. Utafiti ule haukuwalenga wajawazito, wala haukufuatilia watoto waliozaliwa baadaye. Lakini umeonyesha kwamba katika mkoa huu homa ina wenyewe wengi. Kwa mtu asiye na mimba, kukosea jina la ugonjwa ni kuchelewa kupona, na pengine kufa. Kwa mjamzito yupo mtu wa pili katika hesabu, na ubongo wa mtu huyo uko katika ujenzi. Ubongo huo haujali kilichoandikwa kwenye daftari la mgonjwa. Unaguswa na aina ya mdudu aliyeingia, na mwezi alioingia.

Ujenzi wa miezi tisa

Ubongo huanza kama bapa dogo la chembe hai linalojikunja hadi kuwa mrija. Mrija huo hufunga ncha zake zote mbili karibu siku ya 28 tangu mimba itungwe, wakati ambapo akina mama wengi ndiyo kwanza wanajiuliza kwa nini siku zao zimechelewa. Usipofunga kwa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga kwa juu, fuvu na ubongo havikamiliki. Upungufu wa foliki asidi ndio unaotajwa zaidi katika suala hili, na ni haki utajwe. Tafiti zimeonyesha pia uhusiano kati ya kasoro hizo na joto kali la mwili wa mama katika majuma hayo ya mwanzo, na inaelekea joto lenyewe lina mchango wake, ugonjwa wowote uwao ulioleta homa hiyo.

Mrija ukishafunga, chembe za neva huzaliwa kwa mamilioni na kuanza safari. Kila moja huondoka ilipozaliwa, ndani kabisa, na kupanda hadi tabaka lake karibu na uso wa ubongo. Safari hiyo huwa na pilika nyingi kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Miezi ya mwisho ni ya kuunganisha: matawi ya neva hushikana, uso wa ubongo hujikunja mikunjo yake, uzito huongezeka kwa kasi. Ndiyo maana mtoto njiti, hata akiokoka vizuri, ameukatiza ujenzi huo mahali ambapo kazi ilikuwa bado nyingi.

Kwa mpangilio huo, ugonjwa mmoja huacha alama tofauti kulingana na muda. Rubela ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi kuliko kawaida wenye ukungu katika mboni za macho. Alipowauliza mama zao, karibu wote walikumbuka vipele na homa ndogo mwanzoni mwa ujauzito. Leo inajulikana kwamba virusi hivyo vikimwingia mama katika miezi mitatu ya kwanza, mtoto huwa katika hatari kubwa sana ya uziwi, upofu, kasoro za moyo na ubongo usiokua sawasawa. Vikimwingia baada ya mwezi wa tano, madhara ni nadra. Toksoplasma, kimelea kinachotoka kwa paka na katika nyama isiyoiva, hufuata njia yake: mwanzoni mwa mimba si rahisi kivuke kumfikia mtoto, lakini kikivuka huharibu sana, mwishoni huvuka mara nyingi, na mtoto huweza kuzaliwa akionekana mzima kabisa, macho yake yakaja kusumbua miaka kadhaa baadaye.

Kati ya hayo yote, ugonjwa mmoja katika orodha ya Moshi unastahili kutazamwa kwa kituo, kwa sababu dirisha lake ni finyu na kwa sababu chimbuko la jina lake ni Tanzania.

Ugonjwa wenye jina la Kimakonde

Neno chikungunya ni la Kimakonde, nalo hueleza kile kinachomkunja mtu. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa walipata homa ya ghafla na maumivu ya viungo yaliyowafanya watembee wameinama kama wazee. Kwa nusu karne vitabu viliuhesabu kuwa ugonjwa unaotesa lakini hauui, na hakuna aliyeuhesabu kuwa tishio kwa watoto wachanga.

Mwaka 2005 na 2006 uliingia katika kisiwa cha Réunion, mashariki mwa Madagaska, na kuwapata karibu theluthi moja ya wakazi. Katika wodi za wazazi likaonekana jambo geni. Watoto waliozaliwa wazima, wakanyonya, wakalia vizuri, kati ya siku ya tatu na ya saba walianza kukataa titi. Walipatwa na homa, wakavimba, wakalia walipoguswa, na baadhi wakapata degedege. Mama zao walikuwa wamepata homa siku chache kabla au baada ya kujifungua. Ufuatiliaji ulionyesha kwamba mama aliyekuwa na virusi katika damu wakati wa uchungu alimwambukiza mtoto wake karibu mara moja katika kila mara mbili, na kujifungua kwa upasuaji hakukusaidia. Watoto hao walipochunguzwa tena wakiwa na umri wa miaka miwili hivi, karibu nusu yao walikuwa nyuma katika kutembea, kusema au kuelewa. Miongoni mwa wenzao ambao hawakuambukizwa, waliochelewa walikuwa karibu 15 katika kila 100.

Maambukizi ya miezi ya nyuma yalionekana kuwaacha watoto wengi salama. Hatari kubwa ilikuwa katika siku zile chache zinazozunguka uchungu wa uzazi. Na hapo ndipo kosa la jina linapoonekana uzito wake. Mama wa Moshi anayefika kujifungua akiwa na homa na viungo vinavyouma, akaandikiwa malaria, akapewa dawa, homa ikashuka yenyewe siku ya tatu kama kawaida ya chikungunya, atarudi nyumbani akiamini dawa imemponya. Akina mama wengi huruhusiwa siku moja tu baada ya kujifungua salama. Siku ya nne, wakati bibi yuko jikoni akimpondea mzazi mtori, mtoto ndipo anaanza kukataa kunyonya. Hakuna dawa ya kuua virusi vya chikungunya, hilo ni kweli. Lakini mtoto anayejulikana kuwa katika hatari hubaki wodini chini ya macho ya muuguzi kwa juma zima; degedege lake huzuiwa mapema, sukari yake hupimwa, na pumzi yake husaidiwa kabla ubongo haujakosa hewa.

Ifahamike pia kwamba mbu wa chikungunya huuma mchana. Chandarua cha usiku, ambacho kila mjamzito wa Tanzania ameambiwa akitumie, hakitoshi kwa mbu huyo. Yeye huzaliana katika ndoo za maji zisizofunikwa, matairi yaliyotupwa na vifuu vya nazi, na kwake ua wa nyumba ya mjini Moshi unatosha kabisa.

Malaria bado ipo

Ingekuwa kosa lingine kubwa kusoma takwimu za 2007 na 2008 kana kwamba malaria imeondoka Kilimanjaro. Mwanamke aliyekulia Machame au Rombo ya juu hana kinga ya mtu aliyekulia Tanga, na akishuka kulima tambarare, au akikaa Dar es Salaam mwaka mzima kisha akapanda mlimani Desemba pamoja na familia nzima kwa ajili ya Krismasi, huenda akapanda na vimelea vyake. Pale ambapo malaria ni haba, kila mimba iko hatarini, si ya kwanza tu. Vimelea hivyo hujificha katika kondo la nyuma: chembe nyekundu za damu zilizoambukizwa hunata humo, kondo huvimba, chakula na hewa vinavyomfikia mtoto hupungua. Mtoto huzaliwa na uzito mdogo au kabla ya wakati, na ubongo wake hulipa sehemu ya gharama hiyo. Kwa kuwa vimelea vimejificha, kipimo cha haraka cha damu ya kidole huweza kisivione, na mjamzito mwenye dalili zinazoendelea anahitaji kupimwa tena.

Kwa hiyo dozi za kinga za SP kuanzia kipindi cha pili cha mimba bado zina kazi yake. Mama mwenye VVU anayetumia kotrimoksazoli hapewi SP juu yake, kwa sababu dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja na madhara yake hujumlishwa.

Yaliyo kimya

Homa angalau hupiga hodi. Maambukizi kadhaa yanayoharibu ubongo wa mtoto hayana homa ya kutajika, na mama huyabeba akiwa anapika, analima na kuuza ndizi sokoni bila kuhisi lolote.

Kaswende ndiyo ya kusikitisha kuliko yote, kwa sababu tiba yake ni ya zamani, ya bei ndogo, na inafanya kazi. Utafiti uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba miongoni mwa akina mama wenye kaswende kali ambao hawakutibiwa, robo walizaa watoto wafu. Wenzao waliopimwa na kuchomwa sindano moja ya penisilini, ile ya uniti milioni 2.4, walipata watoto wafu kwa kiwango kilekile cha wanawake wasio na kaswende kabisa. Ni vigumu kupata katika tiba ya uzazi sindano nyingine inayobadilisha mambo kiasi hicho. Watoto wanaookoka bila tiba huweza kupata uvimbe wa utando wa ubongo, uziwi na kuchelewa kukua. Mjini Moshi, kati ya mwaka 2002 na 2004, wanawake 2654 waliokuwa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito walipimwa: asilimia 0.9 walikuwa na kaswende hai na asilimia 6.9 walikuwa na VVU. Asilimia 0.9 husikika kama kitu kidogo. Katika kliniki inayopokea wajawazito 1000 ni wanawake tisa, na kila mmoja wao anaponyeka kwa sindano.

Sharti ni muda. Sindano inapaswa kutolewa angalau siku 30 kabla ya kujifungua ili mtoto ahesabiwe kuwa ametibiwa vya kutosha, na kadiri inavyotangulia ndivyo inavyookoa zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12. Wengi bado hufika baadaye, wengine kwa kuogopa kutangaza mimba changa, wengine kwa sababu mume amesafiri na wamesikia kwamba kliniki humtaka aje naye. Mhudumu anayemrudisha nyumbani mjamzito aliyekuja peke yake anapaswa kujua kwamba huenda amerudisha kaswende pamoja naye. Na mume asipotibiwa, sindano ya mke ni ya muda tu.

Kuhusu VVU habari ni njema zaidi. Tangu mwaka 2013 Tanzania ilianza kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha bila kusubiri kinga yake ishuke. Mtoto anayeambukizwa na kukosa tiba hushambuliwa ubongo mapema sana, mara nyingi kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Mtoto wa mama anayemeza dawa zake vizuri karibu kila mara huzaliwa bila virusi.

Rubela nayo ina hesabu yake ya miaka. Chanjo ya surua na rubela iliingizwa nchini kwa kampeni ya Oktoba 2014, iliyowalenga watoto wa miezi tisa hadi walio chini ya miaka 15. Wasichana wa kampeni ile ndio wanaojaza mabenchi ya kliniki za wajawazito sasa. Wakubwa zao hawakupata chanjo. Wengi waliugua utotoni na wana kinga, lakini wachache hawana na hawajui. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo haitolewi kwa mjamzito. Kinga yake hutoka kwa watoto wanaomzunguka: mtoto wa jirani aliyechanjwa ni ngao ya kijusi asichokijua.

Kwa toksoplasma na sitomegalovirusi hakuna kipimo cha kawaida katika kliniki zetu, na yanayobaki ni mazoea ya nyumbani. Nyama ichomwe hadi ndani, si nje tu. Supu ya kisusio, ambayo huwekwa damu ya mbuzi, ichemke sawasawa kabla mjamzito hajaonja. Kinyesi cha paka kiondolewe na mtu mwingine, na mboga za bustani zioshwe kwa maji mengi. Maziwa ya ng'ombe wa zizini, hata yawe ya ng'ombe wa nyumbani anayependwa vipi, yachemshwe. Na mbuzi au ng'ombe anapozaa au kutupa mimba, mjamzito asiwe mkunga wake. Sitomegalovirusi, chanzo kikubwa cha uziwi wa kuzaliwa duniani, hukaa katika mate na mkojo wa watoto wadogo. Mama mwenye mtoto wa miaka miwili na mimba nyingine tumboni anawe mikono kwa sabuni kila anapombadilisha nepi, na asimalizie uji uliobaki kwenye kijiko cha mtoto.

Kinga ya mama inapowaka

Hadi hapa mdudu mwenyewe ndiye aliyemfikia mtoto au kondo lake. Lipo swali la pili, ambalo wanasayansi bado wanalibishania: je, mtoto anaweza kudhurika ingawa mdudu hakuvuka, kwa sababu tu kinga ya mama iliwaka?

Swali hilo lilipata nguvu mwaka 1988, watafiti walipowaangalia watu wa Helsinki ambao mama zao walikuwa wajawazito wakati wa mafua makubwa ya 1957. Waliokuwa katika kipindi cha pili cha mimba wakati wa mlipuko ule walionekana kupata skizofrenia zaidi walipokuwa watu wazima. Kabla ya hapo, mwaka 1971, daktari wa Marekani Stella Chess alikuwa ameeleza kuhusu watoto 243 waliozaliwa na rubela, akiwakuta na usonji kwa kiwango kilichopita kwa mbali cha watoto wengine. Baadaye panya wa maabara walionyesha njia moja inayowezekana: panya mwenye mimba akichomwa kitu kinachoiamsha kinga yake bila mdudu wowote, kemikali za uvimbe humwagika katika damu, na watoto wake hukua na tabia zisizo za kawaida. Kemikali moja kati ya hizo, interlukini-6, ikizuiwa, sehemu kubwa ya madhara hayatokei.

Binadamu si panya. Tafiti za mafua zilizofuata zile za Helsinki hazikukubaliana zote, na mjamzito mmoja mwenye homa hawezi kuambiwa kwamba mtoto wake atakuwa na usonji. Mamilioni ya wanawake huugua mafua wakiwa wajawazito na watoto wao hukua wakisoma, wakiimba na kugombana kama watoto wengine. Kinachosemwa kwa uhakika ni kidogo zaidi, nacho kinatosha kwa kazi ya kila siku: uvimbe mkali unaodumu mwilini mwa mjamzito si jambo la kuachwa lijipoze. Maambukizi ya njia ya mkojo yatibiwe kabla hayajapanda kwenye figo. Chupa ya maji ikipasuka kabla ya uchungu, mama asikae nyumbani hadi kesho yake, kwa maana bakteria wanaopanda hadi kwenye utando unaomzunguka mtoto wamehusishwa na uzazi wa njiti na mtindio wa ubongo.

Kuna sababu nyingine ya kusema mambo haya kwa uangalifu. Mtoto anapochelewa kukaa au kutamka, watu wa kwanza kutoa maelezo mara nyingi ni majirani: mama alikula kilichokatazwa, alilaaniwa, alimkosea mtu wa ukoo. Daktari anayesema kwa wepesi "ni maambukizi uliyopata ukiwa mjamzito" huweza kumwongezea mzigo uleule kwa lugha ya kitaalamu. Mwanamke aliyeumwa na mbu hakutenda kosa. Wala aliyezaa na kaswende aliyoletewa nyumbani.

Katika zahanati

Mjamzito mwenye homa katika zahanati ya Uru au Himo apimwe malaria, na kipimo kikisema hapana, hapo kazi ndiyo inaanza. Muuguzi ana maswali yasiyohitaji mashine. Mimba ina wiki ngapi? Viungo vinauma? Kuna vipele? Mkojo unauma? Nyumbani kuna ng'ombe aliyetupa mimba, na maziwa hunywewaje? Umetoka wapi mwezi huu? Mkojo upimwe, kaswende na VVU vipimwe kwa kipimo cha pamoja kama havijapimwa, na joto lishushwe kwa parasetamoli, ambayo wengine huiogopa bila sababu huku wakimeza majani yasiyojulikana kipimo chake. Homa ikizidi siku mbili, au ikiwa na degedege, damu, au mtoto kupunguza kucheza, rufaa isisubiri. Jina sahihi la ugonjwa lina faida hata katika kuchagua dawa: doksisaiklini, tegemeo la kutibu homa kadhaa zitokazo kwa wanyama, kwa kawaida huepukwa kwa mjamzito, na daktari lazima ajue anachotibu ili achague mbadala wake.

Kisha jibu liandikwe kwenye kadi. Tangu mwaka 2000 hospitali ya KCMC imekuwa na daftari la vizazi, ambamo mama huhojiwa na mkunga muda mfupi baada ya kujifungua kuhusu afya yake kabla ya mimba na wakati wa mimba. Daftari kama hilo haliwezi kukumbuka zaidi ya anachokumbuka mama na kilichoandikwa kwenye kadi yake. Kadi inayosema "malaria" bila matokeo ya kipimo humpa mtafiti malaria isiyokuwapo, na humnyima daktari wa watoto habari ambayo angeihitaji.

Atakayeihitaji zaidi ni mhudumu wa kliniki ya watoto, mwaka mmoja baadaye. Mtoto wa miezi tisa amekuja kuchanjwa surua na rubela. Tepu imezungushwa kichwani, na namba imewekwa kwenye mchoro wa ukuaji. Muuguzi amepita nyuma ya mgongo wa mama na kuita kwa sauti ya kawaida. Watoto wengi hugeuka. Asiyegeuka huitwa tena, na kadi ya mama yake hufunguliwa kutafuta kama kuna homa iliyoandikwa humo, jina lake, na mwezi wake.